Mwaka Mjomba Alipotengwa

Mkutano wa kijiji uliamua kwamba mjomba wangu asisalimiwe. Asiazimwe jembe, asisaidiwe shambani, na atakayemwamkia atengwe pamoja naye. Kosa lake lilikuwa moja: mwano ulipopigwa, yaani lile yowe la kuwaita wanaume wote watoke na fimbo kuwafuata wezi wa ng'ombe, yeye alibaki ndani. Miaka yote ya nyuma alikuwa akitoka. Mara ya mwisho walimpiga mtu ambaye baadaye ilibainika kuwa ni mpita njia tu, aliyekuwa akienda kuchimba dhahabu Rwamgasa. Tangu hapo mjomba alisema hatakimbia tena kabla ya kujua anamkimbilia nani.

Nilifika kutoka Shinyanga mjini siku ya Alhamisi, na mama akanieleza hayo kabla sijavua viatu. Yeye ni mjane, na Jumamosi majirani walikuwa waje kumvunia mpunga.

"Mwanangu, ukimwamkia kaka yangu, mpunga wangu utaozea jarubani."

Niliamini kwamba mjomba ana haki. Lakini ng'ombe wetu, walioibwa nilipokuwa shuleni, walirudishwa na mwano huohuo.

Kesho yake asubuhi nilikutana na mjomba kisimani, mbele ya wanawake waliokuwa wakichota maji. Alikuwa akikokota baiskeli. Mdomo wangu ulinitangulia: "Shika..."

Akanikatiza kwa kuiinamia baiskeli yake. "We baiskeli," akasema kwa sauti, "mwambie huyo msomi anyamaze. Mpunga wa mama yake bado haujavunwa."

Wanawake waliangua kicheko. Nami nikaielekea baiskeli. "Shikamoo, baiskeli."

"Inasema marahaba," akajibu mjomba.

"Makubwa! Kumbe huko mjini mnaamkia vyuma?" alidakia mke wa kamanda wa sungusungu, ambao ndio walinzi wa kijiji. Kisha akawageukia wenzake, hacheki tena. "Mmesikia wenyewe. Iliyoamkiwa ni baiskeli."

Wenzake wakajitwika ndoo zao.

Jumamosi walikuja wote, mke wa kamanda akiwa wa kwanza kuingia jarubani. Tulivuna kwa nyimbo hadi jua la utosi. Ng'ambo ya tuta, katika jaruba lake, mjomba alikuwa akivuna peke yake, na ndege, wale kwelea kwelea, walikuwa wamekwisha kumtangulia kwa kula upande mzima. Tuta lile halifiki magotini. Mundu nilikuwa nao mkononi, na sikulivuka.