Kulinda Mashine ya Ngumi, Kianda na Kawangware

Siku ya kwanza kazini nilipewa kitambaa, bisibisi na onyo. Mwenye mashine alitaka tumwite Mkurugenzi, ingawa ofisi yake ilikuwa kibanda cha mabati pale Kianda, Kibera. Alinisimamisha mbele ya kabati refu la mbao lenye kioo kama cha televisheni, akasema, "Madam, watu watakuja kupigana hapa. Wapigane ndani ya kioo. Wakianza kupigana nje, hiyo ni kazi yako."

Nilikuwa nimetafuta kazi ya kushona. Lakini miaka hiyo ya tisini, mtu aliyetoka mkoa wa Western na mtoto mgongoni hakuchagua sana. Vijana wa leo nikiwaambia nililinda na kutengeneza mashine za gemu, huniuliza kama hiyo nayo ni kazi. Jaribu kusimama tangu asubuhi mpaka jioni ukisikiliza wanaume wazima wakilalamika kwamba kitufe kimekwama.

Kitufe hakikuwa kimekwama. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa nakifungua mwenyewe. Chini ya kila kitufe kulikuwa na swichi ndogo yenye ulimi wa chuma. Ukibonyeza, ulimi unagusa, na mtu wako ndani ya kioo anarusha ngumi au teke. Ulimi ukishika vumbi, unausafisha kwa spiriti na kuurudisha. Kando kulikuwa na kijiti cha kumwendesha huyo mtu: aende mbele, aruke, achutame. Ukikivuta nyuma, anajikinga. Yale mapigo makubwa yaliyofanya umati upige mayowe yalitaka uzungushe kijiti robo duara, kutoka chini hadi mbele, na ubonyeze kitufe papo hapo. Ukichelewa kidogo tu, mtu wako anapiga hewa na kusimama wazi, na mwenzako anakumaliza. Hapo ndipo nilipoitwa. "Mama Brenda, kuja uone hii kitufe yako."

Mlalamikaji mkubwa kuliko wote alikuwa mume wangu.

Ayub alikuwa seremala, mtu mpole. Nyumbani ungemwuliza jambo asubuhi akakujibu jioni. Mbele ya ile mashine alikuwa mtu mwingine kabisa, na watu walitoka mbali, hata Kambi Muru, kuja kumwona akicheza. Nami singeweza kumfukuza, kwa maana alikuwa analipa kama wengine. Nilipompelekea Mkurugenzi malalamiko, hakuinua hata kichwa. "Mteja ni mteja, Madam. Hata akiwa bwana yako."

Basi baba yangu akatuma habari kwamba anakuja kututembelea Jumamosi. Hakuwa amewahi kufika Nairobi. Kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku yenye watu wengi na singeweza kuondoka, tulikubaliana Ayub ampokee steji ya mabasi. Asubuhi alivaa shati safi akatoka. Adhuhuri nikamwona kwenye foleni ya mashine.

"Baba amefika?" nikauliza.

"Basi za Western huchelewa. Nacheza moja tu, halafu naenda."

Nikaitwa nyuma kurekebisha mashine nyingine iliyokuwa inatoa moshi. Nilipotoka, jua lilikuwa limeshageuka, na Ayub alikuwa bado ameshika kijiti, jasho likimtiririka, anapambana na kinyozi mmoja aliyekuwa hajawahi kushindwa pale. Nilimwachia jirani ulinzi nikaenda steji mwenyewe.

Nilimkuta baba ameketi juu ya gunia lake la viazi vitamu, kofia mapajani, akitazama kila uso unaopita. Aliniambia amekaa hapo tangu asubuhi, na kwamba hakuthubutu kwenda hata msalani asije akapotezana na mkwewe.

Tulirudi Kianda. Umati ulikuwa umejaa hadi nje. Nikapenya na baba nyuma yangu. Ilikuwa raundi ya mwisho. Kinyozi alikuwa amebakiwa na uhai kidogo sana kwenye ule mstari wa juu unaopungua kila ukipigwa, na Ayub alikuwa amebakiza pigo moja. Nikainama nyuma ya kabati nikachomoa waya wa stima.

Kioo kikawa cheusi. Watu walikaribia kunirarua.

"Mama Brenda," Ayub akasema, "nilikuwa nashinda."

"Geuka."

Akageuka akamwona baba mlangoni na gunia lake. Baba alitazama mashine, akamtazama mkwewe, akauliza kwa upole, "Hapa ndipo unapofanya kazi?"

Alikuwa amepanga kukaa wiki. Kesho yake alirudi nyumbani.

Mkurugenzi aliniita. "Umechomoa gemu watu wakiwa wamelipa. Hapa jina lako limeharibika. Utaenda Kawangware."

Kituo changu kipya kilikuwa upande wa Riruta, kwenye chumba cha kupanga. Mwenye ploti alikuwa mzee wa kanisa, na kila asubuhi alisimama mlangoni kunisumbua.

"Hawa vijana unawafunza kupigana."

"Mzee, mimi nawafunza kungoja zamu."

"Na hizo kelele?"

"Hizo ni za wanaoshindwa."

Huko ndiko nilikojifunza kucheza, kwa sababu hakuna namna ya kujua kitufe kimepona bila kukijaribu. Mwanzoni nilibonyeza kwa hasira tu. Baadaye nikaona kitu. Wapiganaji wawili wako kwenye mstari mmoja, hakuna wa kukuzunguka nyuma. Kuna msichana mwembamba ndani ya kioo anayeweza kuliangusha jitu, mradi mkono ulioshika kijiti unajua kungoja. Kila pigo lina jibu lake, na ukianguka unajua ni kwa nini.

Nyumbani, tangu ile Jumamosi, tulikuwa tunaongea kupitia mtoto. "Brenda, mwambie baba yako chai iko tayari." Nilikuwa nimeanza kufikiria kurudi kwetu kabisa.

Alasiri moja, hakuna wateja, Ayub akaingia. Alikuwa ametembea kutoka Kibera. Akasimama kando yangu, akashika kijiti cha pili. Tukaanza. Nikampiga, nikampiga tena, naye hajikingi.

"Cheza," nikamwambia.

"Nacheza."

"Unasimama tu. Mimi sitaki huruma, Baba Brenda. Nataka uongee."

Akaachilia kijiti. "Nilimwacha mzee steji kwa sababu hapo Kianda ndipo mahali pekee watu huningojea mimi. Kazini fundi mkuu hajui hata jina langu. Lakini ni makosa. Nataka kwenda kumwambia mwenyewe."

"Na mimi nilikungojea nyumbani. Hiyo hukuihesabu?"

Tulikwenda Western wakati wa Krismasi. Baba alimwacha Ayub ameketi langoni kutwa nzima, wapita njia wakimwamkia, ndipo akatoka na kumwambia, "Sasa unajua. Ingia ule."

Niliendelea na mashine hadi watu walipoanza kuchezea majumbani, kisha nikahamia kwenye kutengeneza redio, na baadaye simu, mpaka macho yalipokataa. Sasa nimestaafu, na wajukuu huniuliza utamu wa gemu ile ya zamani ulikuwa nini. Nawajibu kwamba mtu wa kibarua alipigwa na maisha kutwa bila kuliona pigo linakotoka. Pale aliliona, na aliposhindwa aliruhusiwa kusema, "Tena."

Hilo nalielewa vizuri. Kuolewa na mwanamume anayelitafuta ni shughuli nyingine.