Injini Iliyougua Mlimani Tu

Mama Séraphine, mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani, wa Kalemie, huendesha pikipiki yake mwenyewe hadi Niemba, na ole wake mwanaume atakayemcheka. Lakini mwezi ule, kila alipopanda mlima na magunia, injini iligonga ka-ka-ka kama misumari ndani ya kopo. Akiipeleka gereji bila mzigo, kimya! Fundi mmoja alitaka kuifungua yote. Séraphine akamtukana, akaondoka.

Fundi mwingine, Papa Hippolyte, hakushika hata spana.

"Mama, pakia magunia, tupande wote."

Mlimani, jua kali, Séraphine alibaki na vitesi ya nne, gia ya juu, ili abane mafuta, kama wenzake wote wa njia ile. Ka-ka-ka!

"Tia ya pili!" Papa Hippolyte akafoka kutoka juu ya magunia.

Séraphine akakanyaga vitesi mara mbili kwa mguu wa kushoto. Injini ikanguruma, kugonga kukakoma papo hapo.

"Unaikaba, Mama. Mzigo muzito, joto, nayo inazunguka polepole: mafuta yanajilipukia yenyewe ndani. Hakuna kitu kimevunjika."

Séraphine akashusha pumzi, akacheka hadi machozi. Mwezi mzima alikuwa akiiombea pikipiki kanisani, kumbe shetani mwenyewe ni mguu wake wa kushoto.