Mama Laila na Kiu ya Bibi wa Ndoo

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Mwanaarusi Nuhu ni shingo yake. Ilikuwa imezungushiwa taulo, saa saba mchana, mjini Garsen, mwezi wa Februari, wakati ambapo hata mbuzi hujibana ukutani kugombania kivuli cha bati. Nilidhani anaumwa, nikampa pole. Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa, akaelekeza kidole kwenye chupa ya chai ya tangawizi iliyokuwa miguuni pake, kisha akanong'ona, "Si ugonjwa, mwanangu. Ni kazi. Leo kuna sinema mbili."

Kazi yake ni kusema. Ana banda la video nyuma ya soko, la mabati matupu, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mchana ugeuke giza. Sinema zinazoonyeshwa humo hutoka Bara Hindi, China na nchi nyingine ambazo lugha zake hazijulikani na mtu yeyote kati ya Hola na Kipini. Bi Mwanaarusi huketi kwenye kiti cha plastiki kando ya televisheni, maikrofoni mkononi, akiwaeleza watazamaji kwa Kiswahili nani amesema nini, nani anamdanganya nani, na nani hatafika mwisho. Mjini anaitwa Mama Laila, kwa jina la binti yake wa pekee anayefanya kazi Mombasa. Mtu wa Garsen akisema, "Nakwenda kumsikiliza Mama Laila," ujue anakwenda kutazama sinema.

Kazi hii hakuisomea. Alizaliwa Kau, karibu na mahali Mto Tana unapomwagikia baharini, akaolewa Garsen na mtu aliyekuwa na televisheni. Mumewe alionyesha sinema, yeye aliuza mahamri mlangoni. Alasiri moja, yapata miaka ishirini iliyopita, mume alileta sinema ya kutisha kutoka nchi ya mbali. Picha ilikuwa na mistari kama mvua, na maneno hayakueleweka hata moja. Mwanamke aliyevaa nguo nyeupe alitembea vilimani na ndoo tupu, akabisha hodi kwenye nyumba za watu, na kila aliyemfungulia alikutwa maiti. Kwa nini, haikujulikana. Watazamaji wakaanza kuguna. Watatu wakasimama kwenda zao.

Mwanaarusi aliweka chini beseni la mahamri, akaziba mlango kwa mwili wake, akasema kwa sauti, "Ketini! Huyo mwanamke ana kiu."

Wakaketi. Naye akaendelea. Mwanamke huyo, alisema, alikwenda kisimani wakati wa ukame, zamu yake ikarukwa, akafa akingoja. Sasa anabisha hodi akiomba maji, na watu badala ya kumpa maji wanapiga mayowe. Ndiyo maana wanakufa. Mwishoni mwa sinema mzee mmoja aliinama juu ya ile ndoo mlangoni mwake, na yule mwanamke akaichukua, akaondoka polepole, asirudi tena. "Amemwekea maji," alisema Mwanaarusi. "Zamu yake imefika."

Banda zima lilishusha pumzi. Wafugaji waliokuwa benchi la mbele walitikisa vichwa, maana wao wanakijua kisima: mifugo ya nani inywe kwanza, ya nani ifuate, na kwamba kumruka mtu katika zamu yake ni kosa linalokumbukwa hata na wajukuu. Kuanzia siku hiyo mume ndiye aliyeuza mahamri. Alipofariki, banda na maikrofoni vyote vilibaki kwa mkewe.

Sinema hiyo ilipewa jina la Bibi wa Ndoo. Ilionyeshwa kila mwaka, kama sikukuu. Watoto waliozaliwa baadaye walikua wakiambiwa kwamba ukimnyima mgeni maji, Bibi wa Ndoo atapita. Lydia, mkulima wa kijiji cha Ngao ambaye hana mchezo na mtu, mpaka leo halali bila kuweka ndoo iliyojaa mlangoni. Ukimuuliza, atakuambia ni ya kuoshea miguu.

Basi mnaweza kuelewa Garsen ilivyotikisika mwezi uliopita Laila alipomtumia mama yake sehemu ya pili. Wenye sinema yao walikuwa wamekaa kimya miaka yote hiyo, kisha wakaamka. Bi Mwanaarusi aliandika tangazo kwa mkono, kwenye karatasi ya manila, akalibandika mlangoni: BIBI WA NDOO AMERUDI. ALHAMISI BAADA YA ADHUHURI. WAOGA WABAKI NYUMBANI.

Waoga hawakubaki. Nilipata nafasi ya kusimama tu, kati ya Lydia, aliyekuja kutoka Ngao na kikapu cha maembe, na Mzee Bonaya, mfugaji aliyekuwapo kwenye benchi la mbele ile siku ya kwanza. Safari hii picha ilikuwa safi kama kioo, kwenye televisheni mpya pana. Mwanamke alitokea kilimani na ndoo yake. Ilikuwa tupu.

"Mama Laila!" Mzee Bonaya aliita kabla hata jina la sinema halijaisha kupita. "Mimi nauliza wewe. Huyu alishanyweshwa. Anarudi kufanya nini?"

"Maji yameisha, Bonaya," Lydia alijibu. "Ndoo moja, miaka ishirini!"

"Zamu ni zamu. Mtu akinywa, anapisha mwenzake."

"Hata ngamia wako hawezi miaka ishirini."

"Ngamia ana adabu. Haui watu."

Benchi la kushoto likamshangilia Bonaya, la kulia likamshangilia Lydia, na Bi Mwanaarusi akacheka kwenye maikrofoni na kuwaambia watulie, Bibi atawaeleza mwenyewe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katikati ya sinema walionyesha maisha ya yule mwanamke kabla hajafa. Yuko kando ya mto mkubwa wa rangi ya kahawia. Mto unafura. Yuko ndani ya maji hadi kiunoni, hadi kifuani, hadi shingoni. Kisha kukabaki ndoo peke yake, ikielea.

Hapakuhitajika mtafsiri. Watu wa Tana wanamjua mtu anayezama. Bi Mwanaarusi alifungua kinywa, akakifunga. Katika miaka ishirini, hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza banda kusikia sauti ya feni.

"Miaka ishirini huyu mama anakufa na kiu," alisema Mzee Bonaya taratibu. "Leo anakufa na maji?"

Kutoka nyuma ilisikika sauti ya msichana. Alikuwa Ikran, aliyerudi likizo kutoka chuo huko Malindi. "Mama, samahani sana," alisema. "Mimi nimezitazama zote mbili kwenye simu, zenye maandishi ya Kiingereza chini. Hakuna mahali pametajwa kiu. Alipoteza pete yake ya ndoa mtoni. Akawa anachota matope kwa ndoo akiitafuta, mafuriko yakamchukua. Anabisha hodi akiulizia pete. Yule mzee alimtilia pete kwenye ndoo, si maji."

"Pete?" Mzee Bonaya alisimama. "Mtu amalize kijiji kizima kwa sababu ya pete?"

"Wewe hujawahi kuolewa, Bonaya," alisema Lydia.

Lakini wengi hawakucheka. Bi Mwanaarusi alimuuliza Ikran, kwa upole, "Lugha yao unaijua, mwanangu?"

"La, Mama. Nimesoma maandishi."

"Na aliyeyaandika unamjua?"

"Simjui."

"Basi sote wawili tumeambiwa na mtu."

Lilikuwa jibu zuri, na benchi la kushoto lilipiga makofi. Hata hivyo sinema ilimalizika bila yeye kusema neno lingine.

Kwa siku nne zilizofuata Garsen haikuwa na habari nyingine. Kwenye kibanda cha chai walikuwapo waliosema sehemu ya pili ni uongo mtupu: wenye sinema wameisahau hadithi yao wenyewe, na mtu awapelekee barua. Wengine waliipenda, wakisema picha ni safi na mto umefanana kabisa na wetu. Kundi la tatu lilisema sinema zote mbili hazina kosa, mwenye kosa ni Mama Laila. Mkulima mmoja aliuliza kwa nini mwanamke ahangaike na kisima ilhali mto upo, akaambiwa swali hilo angeliuliza mwaka ule wa kwanza. Lydia, kwa kuwa hakutaka kukosana na upande wowote, alitia pete ya bati ndani ya ile ndoo yake ya kuoshea miguu.

Lililomuumiza Bi Mwanaarusi lilikuja Jumatatu. Alionyesha sinema ya Kihindi, ile ambayo kijana anarudi nyumbani na kukuta mama yake amekufa. Kila mara watu hulia hapo. Safari hii watazamaji walikuwa tisa, na alipotangaza kifo, mmoja akauliza kutoka gizani, "Amekufa kweli, Mama Laila, au umemuua wewe?"

Alizima televisheni. Nilimkuta nje, taulo ameliweka begani kama mtu aliyetoka kuoga.

"Wasiponiamini, nitasema nini?" aliniuliza. "Picha bila neno watu watazitazama kwenye simu zao. Mimi nitarudi kwenye mahamri, na mikono yangu imeshasahau unga."

Jumanne alikwenda nyumbani kwa akina Ikran, akamwomba amsomee sinema zote mbili tangu mwanzo, polepole, kwa Kiswahili. Nilikuwapo. Alitazama kama mwanafunzi, mikono mapajani. Kulikuwa na mahali mwanamke anakaa kando ya maji bila kusema chochote, dakika nzima, na maandishi hayakuwapo. Bi Mwanaarusi akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Hapa mimi husema anamlaani mwenye kisima," alisema. "Kumbe amenyamaza tu. Nimemsingizia mwenzangu miaka ishirini."

"Mama, ni sinema," alisema Ikran.

"Najua ni sinema. Hata hivyo nimemsingizia."

Aliporudi, alimkuta Mzee Bonaya amemngojea mlangoni mwa banda, fimbo mabegani. Hata salamu hakumaliza.

"Mama Laila, mimi nimefikiri. Mwaka ule wa ukame mimi nilipoteza ng'ombe arobaini kwa kiu. Waliobaki kumi na mmoja. Mvua ilipokuja, mafuriko yakachukua saba. Sasa mtu akiniuliza ng'ombe wako walikufa na nini, nitajibu nini? Kiu au maji?"

"Sijui, mzee wangu."

"Hata mimi sijui. Wewe si mwongo. Wewe ulisema nusu."

Bi Mwanaarusi alimshukuru, akamkaribisha chai, lakini hakulikubali jibu. "Bonaya ananitetea kwa sababu hadithi yangu ina kisima," aliniambia baadaye. "Ningesema Bibi wa Ndoo ana njaa ya samaki, angekuwa upande wa Ikran." Kisha akaomba karatasi ya manila na kalamu nene.

Tangazo jipya limekaa mlangoni tangu jana. Jumamosi, baada ya alasiri, sinema zote mbili zitaonyeshwa mfululizo. Patakuwa na maikrofoni mbili. Ikran ataketi kulia kwa televisheni na kusoma yaliyoandikwa. Bi Mwanaarusi ataketi kushoto na kusema anayoyaona. Picha ya mwisho ikiisha, watazamaji watahama benchi: wanaotaka maandishi waende kulia, wanaotaka Mama Laila waende kushoto. Upande wa kulia ukiwa mkubwa, yeye ataweka maikrofoni chini na banda litakuwa la kusomewa maandishi.

Nilimwambia hilo ni jambo la hatari. Banda ni lake. Hakuna anayeweza kumwondoa.

"Ndiyo maana lazima niwaulize," alijibu.

Mji sasa umekuwa kama wakati wa uchaguzi, ila bila fulana. Mzee Bonaya ameagiza wanawe wachunge karibu siku hiyo, ili wapate kufika, na anawafundisha upande wa kushoto ni upi. Lydia anasema ataketi katikati mpaka dakika ya mwisho, na kwamba mtu yeyote asimsukume. Ikran anafanya mazoezi ya kusoma kwa sauti nyuma ya nyumba yao, na majirani wanamwambia anakimbia mno, kana kwamba Bibi wa Ndoo yuko nyuma yake. Jana Bi Mwanaarusi mwenyewe alikwenda kumsikiliza. Alimwonyesha namna ya kushika maikrofoni isivume, na mahali pa kuvuta pumzi.

"Mama, unanifundisha nikushinde?" Ikran alimuuliza.

"Nakufundisha usikike. Kushinda tutaona."

Nimejaribu kumdadisi atasema nini picha itakapofika pale mtoni, pale alipoishiwa maneno. Ameniambia bado hajajua. Huenda akasema kiu, huenda akasema pete, huenda akamwacha mwanamke wa watu akae kimya na maji yake. Banda linachukua watu themanini, na waliokwisha kumwambia kwamba watakuja ni zaidi ya mia mbili, kwa hiyo mafundi wameanza kuyabandua mabati ya ukuta wa nyuma ili walio nje nao waone. Leo ni Alhamisi.