Mwalimu wa Kompyuta Aliyetoka Magadi

Sikulazimishi uniamini, lakini mama yangu yuko hapa Kitengela, na ukimuuliza atakuambia yale yale. Hii haikuwa ndoto. Tena ilitokea mchana.

Nilikuwa nimemaliza shule. Baba alikuwa karani huko Magadi, na ofisi yao ilipobadilisha kompyuta akapewa moja ya zamani. Aliileta na pikapu: kioo kizito kama televisheni, kibodi iliyofutika herufi. Akaiweka sebuleni, akarudi kazini. Mimi sikujua hata kuiwasha.

Jumamosi iliyofuata mwanamume alibisha mlango. Mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi shingoni.

"Sopa," akanisalimu kwa Kimaasai. "Baba yako amenituma nikufundishe ile mashine."

Kwa nini nisikubali? Nikamfungulia. Kabla sijamwonyesha ilipo, alishaifikia.

Na alikuwa mwalimu mzuri, sitamnyima haki yake. Alinifundisha kuiwasha, kuandika bila kutazama vidole, kuhifadhi kazi isipotee. Lakini yeye mwenyewe hakuigusa hata mara moja. Alisimama tu nyuma ya kiti changu, akiniambia la kufanya.

Mama ndiye aliyeanza kumshuku. Chai ya mgeni ilibaki kikombeni mpaka ikashika utando. Tena ulikuwa msimu wa mvua, na unajua vile matope meusi ya huku hung'ang'ania viatu. Vyake vilikuwa vikavu, vimejaa vumbi jeupe la magadi.

"Huyu amepitia wapi?" mama akaninong'oneza jikoni. Nikaona anamkosea mgeni heshima.

Jumamosi ya tatu mwalimu aliniambia nimwandikie barua. Nikaandika alivyosema: "Mama Naserian, usikubali ndugu yangu anishike kidole nitie alama kwenye karatasi za shamba. Nasikia kila kitu mnachosema." Nikaihifadhi.

Mama akaingia kutoka nje. "Stima imepotea tangu saa sita," akasema polepole. "Hiyo kitu inawaka na nini?"

Niligeuka nimuulize mwalimu. Hakukuwa na mtu. Mlango wa mbele ulikuwa bado na komeo kwa ndani, na kwenye matope ya nje hakukuwa na alama ya kiatu hata moja. Niliporudi kwa kompyuta, kioo kilikuwa kimezima.

Baba alikuja nyumbani wiki hiyo. "Mimi sijatuma mtu," akasema. Tulipomfungulia ile barua aliisoma, akakaa chini. Kompyuta ile ilikuwa ya mwenzake wa ofisini, aliyepatwa na kiharusi akapelekwa kwake Kisaju. Mama Naserian ni mke wake.

"Kwani alikufa?" mama akauliza.

"Hajakufa. Hawezi kutembea wala kuongea."

Asubuhi baba aliinakili barua kwa mkono, tukaenda Kisaju. Mama Naserian aliisoma mara mbili. Shemeji yake alikuwa aje Jumatatu na mnunuzi. Mipango yote walikuwa wameipangia kando ya kitanda cha mgonjwa.

"Tulidhani hasikii," akasema.

Akatuingiza chumbani. Ni yeye, mwalimu wangu. Amekonda zaidi, lakini ni yeye. Alinitazama, machozi yakamtiririka kuelekea sikioni. Alinijua, wallahi alinijua.

Shamba halikuuzwa. Aliishi mwaka mmoja zaidi, na mke wake akimsomea magazeti kila asubuhi.

Mama hakuridhika. Alitaka kujua ni nini kinaweza kuacha mwili wa mtu hai kitandani kikaja kukaa sebuleni kwake. Aliita watu wa kanisa wakaomba, na mashine ikatolewa nyumbani. Mpaka leo hajui kama tulitembelewa na mtu au na kitu kilichovaa sura yake. Mimi pia sijui. Siku hizi naishi kwa kazi ya kompyuta, lakini mtu akisimama nyuma yangu namwambia aje mbele nimwone.

Kwa hivyo nakuambia: mtu akija kwenu akisema ametumwa, muulize aliyemtuma kabla hujafungua. Na kama mko na mgonjwa asiyeongea, chunga unachosema karibu na kitanda chake. Usifikirie hayuko.