Mlezi Aliyeangusha Kamba ya Sabato

Wewe ukiharibu kitu cha watu mia mbili na hakuna aliyekuona, utasema?

Usijibu haraka. Elisha Bendheim naye angejibu haraka, kabla ya Ijumaa ile. Alikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi wa chuo, mdomo umejaa maneno ya haki na ukweli. Tangu utotoni hakuwahi kukosa kiangazi hata kimoja katika kambi ya Har Oren, kwenye vilima vya Pennsylvania, ambako watoto wa Kiyahudi hulala majuma saba mbali na mama zao. Mwaka huu walimkabidhi banda la wadogo kuliko wote: wavulana kumi na wawili wa miaka minane, kule chini bondeni, kando ya kinamasi.

Wanaoidharau kazi ya mlezi hawajawahi kuifanya. Mlezi anajua nani hulia akipata barua na nani hulia asipoipata. Anajua kubadilisha shuka iliyolowa alfajiri bila wenzake kushtuka. Elisha aliwapenda wale kumi na wawili kwa namna ambayo hakuna kitabu cha chuo kilichokuwa kimemtayarisha.

Mmoja wao aliitwa Tuvia Lasker. Kwa desturi, sala ya asubuhi ya Sabato hufungwa kwa wimbo mrefu unaoongozwa na mtoto, kabati la Torati likiwa wazi na watu wazima wote wamesimama wakimwitikia. Sabato hii zamu ilikuwa ya Tuvia. Wiki tatu alikuwa akiuimba bafuni, ziwani, hata mezani mdomo umejaa makaroni. Jumanne akaanguka kutoka mtini, mguu ukavunjika. Aliporudi kutoka hospitali na plasta hadi juu ya goti, swali lake lilikuwa moja.

"Kaka, Sabato bado ni yangu?"

"Ni yako. Nitakusukuma mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu mpaka ukumbini, hata kilima kikiniua."

Hapo ndipo kamba inapoingia. Siku ya Sabato Myahudi mshika sheria habebi wala hasukumi kitu nje ya ua wake, kiwe kitabu au mtoto. Lakini mahali pakizungushiwa nguzo na kamba, pote huhesabiwa kuwa ua mmoja, na watu hubeba watakacho. Kamba ya Har Oren iliizunguka kambi nzima, na kila Ijumaa adhuhuri Rabi Mandelkorn aliifuata kwa miguu akiikagua. Jua likizama imekatika, basi, mikono ya wote ni mitupu mpaka Jumamosi jioni.

Mgeni akiiona atadhani ni kamba ya kuanikia nguo. Elisha hakuwa mgeni. Lakini Ijumaa ile saa kumi mvua ya siku mbili ilikuwa imekatika, watoto wametoka ziwani, kamba ya banda haina nafasi, na taulo kumi na mbili na jaketi za kuelea kumi na mbili zinachuruzika maji. Kando ya kinamasi akaona nguzo mbili na kamba iliyonyooka vizuri kati yake. Akaanika. Akili yake ilikuwa kwenye kucha za watoto, ambazo lazima zikatwe kabla ya Sabato.

Saa moja na nusu alirudi kuzianua, akakuta taulo zimelala matopeni. Nguzo iliyokuwa imeoza chini kwa chini ilikuwa imekatika, ikaivuta mwenzake, na kamba ilikuwa imezama kinamasini, imejisokota kwenye mizizi.

Mishumaa ya Sabato ingewashwa baada ya dakika arobaini. Alisimama pale, taulo mkononi. Rabi alikwishakagua. Waliomwona ni vyura. Akinyamaza, watu watabeba bila kujua, nia zao safi, na Tuvia atasukumwa hadi ukumbini akaimbe. Akisema, atakayelipa ni Tuvia. Ukweli gani huu wa kumpokonya mtoto mgonjwa kitu pekee alichokitaka?

Lakini kamba ile ilikuwa nyepesi, paa angeiruka bila kuitazama. Kilichoifanya iwe ua ni kwamba watu mia mbili walilala usingizi wakiamini mtu fulani ameiangalia kwa ajili yao. Elisha aliliwaza hilo, akaiachia taulo. Akaanza kukimbia.

"Umeanika nini?" Rabi Mandelkorn aliuliza, tai yake bado haijafungwa.

"Taulo. Na jaketi za kuelea."

"Ngapi?"

"Za banda zima, Rabi."

Rabi alifumba macho. "Miaka kumi na moja uko hapa. Elisha, hata kindi wa Har Oren wanaijua kamba ile!"

Walishuka pamoja. Rabi alichovya mkono kinamasini hadi kwenye kiwiko, akavuta, akaachia. "Kazi ya nusu siku," alisema. Kisha akapunguza sauti. "Nani mwingine alijua?"

"Vyura."

"Vyura hawasemi. Wewe umesema." Akampiga bega kwa mkono wenye matope, akaenda kutangaza kwenye kipaza sauti.

Bandani, Zevi, bingwa wa kelele, alikuwa juu ya kitanda. "Jamani! Kaka ameanika taulo zetu kwenye Sabato!" Wakacheka mpaka wakamwona Tuvia.

"Uliniahidi," Tuvia alisema. Daktari alikuwa amemkataza magongo mpaka Jumatatu. Hakuhitaji kuelezwa.

"Nilikuahidi. Na mimi ndiye niliyeharibu. Si mvua, ni mimi."

"Wewe ni mpumbavu."

"Ndiyo."

Zevi hakuweza kuvumilia kimya hata dakika moja. "Sasa kwani Torati nayo imevunjika mguu? Si ije yenyewe!"

Elisha alimtazama yule mtoto, akatazama saa, akatoka mbio kupanda kilima.

"Tunazo mbili," Rabi alisema. "Ile ndogo inaweza kushuka kabla ya jua kuzama. Lakini haifunguliwi bila watu wazima kumi, na mimi nasalisha huku. Nani ateremke matope yale, tena bila hata chupa ya maji mkononi?"

"Nitawapata."

"Una robo saa, na unanuka kinamasi. Nenda!"

Torati ikashuka imekumbatiwa. Watoto walimwaga soksi zao sakafuni, kabati lao likawa kabati la Torati. Walikimbia na vitabu vya sala kifuani, Zevi akipiga kelele za unahodha, na cha mwisho kiliingia mlangoni mishumaa ikiwashwa. Wakati wa chakula Elisha alipita kwa walezi wenzake mmoja mmoja. Wanne walikubali. Wa tano alimcheka: "Nina watoto kumi na wanne, bwana. Umetufunga mikono, sasa unataka na miguu?"

Asubuhi, saa tatu, Tuvia alikuwa ameketi ndani ya mlango, shati jeupe, nywele zimechanwa kwa maji. Walezi wanne walikuja, viatu vimelowa umande.

"Wako wangapi, kaka?"

"Bado mapema."

"Nimeuliza wangapi."

"Watano, na mimi."

Wakaanza zaburi, ambazo hazihitaji kumi. Zikaisha. Wakazirudia polepole. Tuvia alikuwa akikwaruza plasta yake kwa ukucha.

Ndipo Zevi, aliyekuwa dirishani, akanyamaza. Hilo peke yake lilimfanya Elisha ageuke.

Kilima kizima kilikuwa kinashuka. Wapishi, muuguzi, walezi, wavulana, wasichana, watu mia mbili kwenye matope, shali za sala mabegani, na hakuna aliyeshika chochote. Mbele kabisa alitembea binti wa mpishi, Rina, wa miaka miwili. Hakuna aliyeruhusiwa kumbeba, na hakuna aliyempita. Aliposimama kumtazama konokono, kambi nzima ilisimama. Alipoinuka, wote wakainua miguu.

Rabi Mandelkorn alifika, suruali matope hadi magotini. "Tumefunga ukumbi," alisema. "Usitulaumu kwa kuchelewa. Mwendo ni wake."

Wakajaa majanini hadi ukingo wa kinamasi. Wakasali yote, bila haraka. Kisha Zevi akalifungua kabati la soksi, watu mia mbili wakasimama kimya mikono imelegea ubavuni, na Tuvia akaanza kuimba.