Nimeshikwa Mkono Chini ya Ziwa Erie

Leo nimeshikwa mkono, jamani. Sisemi salamu, nasema kushikwa. Mara ya kwanza tangu nihamie Buffalo, huku Marekani.

Tulizama Ziwa Erie na mitungi ya hewa mgongoni, kutazama meli iliyovunjika zamani. Mbao zimetapakaa chini, maji ya baridi balaa, tena yana tope.

Mzungu niliyepangiwa kuzama naye akanishika mkono tusipoteane.

Glavu zetu nene, hata joto lake sikulisikia. Lakini meli niliacha kuitazama.

Tukatoka, tukawa tunatembea ufukweni tunacheka. Mimi bado nimemshika, kama nilivyozoea kutembea na washkaji Tanga.

Akautazama mkono wake. Akauchomoa taratibu.

"Tumeshatoka majini, bro."

Washkaji wa nyumbani mliohamia Columbus na Louisville, huko nani anawashika mkono?