Kaburi Lililo Ndani ya Chai

Juzi, katika duka moja hapa Mbeya, niliona boksi la majani ya chai lenye picha ya kilima cha kwetu Mufindi. Nilikitambua mara moja, maana ndiko alikozikwa baba wa bibi yangu. Chini ya picha waliandika kwamba chai imefungashwa Ulaya. Hasira ikanipanda palepale dukani.

Nilikuwa mtoto mdogo bibi aliponichukua kwenda kutambika. Alibeba unga wa ulezi na kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi iliyonukia uchachu njia nzima. Kwenye geti la shamba la chai lililozunguka kilima, mlinzi akatuzuia.

"Kamwene, bibi. Una kibali?"

"Kibali cha nini, mwanangu? Naenda kumsalimia baba yangu."

"Bila kibali cha meneja hupiti."

Bibi akapiga magoti palepale barabarani, akamwaga unga na ulanzi kwenye vumbi. Kisha akamwita baba yake kwa sauti kubwa, ili amsikie huko ndani, kupita ngurumo za mashine za kiwandani.

Shuleni tulifundishwa kwamba ubeberu ni watu wa mbali kuja kutwaa nchi ya wenzao, na kwamba uliondoka siku bendera yao iliposhushwa. Niliamini, kama nilivyoamini kwamba ndui imekwisha. Kwa hiyo, tukirudi, nilimuuliza bibi kwa nini walimzika mtu kwenye shamba la wenyewe.

Bibi alisimama.

"Tulimzika uani kwake, mjukuu wangu. Hiyo chai ilimkuta amelala."